Nani anatulipa matabishi?



Kila mmoja wetu akienda soko ya Kadutu kununua sambaza anajua namna mambo yanavyokwenda. Muuzaji anapima kopo, anamwaga ndani ya mfuko, na wewe huondoki. Unabaki umesimama, mfuko wazi mkononi. «Mama, na matabishi je?» Anacheka kidogo, anatia mkono ndani ya beseni, anakuongezea samaki wachache. «Haya, lakini kesho urudi kwangu.»

Matabishi hayo, nani ameyalipa? Ni yule mama mwenyewe, ameyatoa ndani ya beseni lake. Sababu gani? Anataka urudi kesho. Mambo yote yako wazi, hakuna aliyedanganywa, na jioni watoto wanakula vizuri zaidi kidogo.

Juma hii tunataka kuzungumza juu ya matabishi ya namna nyingine: ile feza ndogo inayoongezeka juu ya feza yetu, kwenye likirimba, kwenye sanduku, kwenye simu. Tunazungumza hivi kwa sababu ya jambo lililotupata ndani ya kundi letu. Hatulisemi ili kumpatisha mtu haya. Sisi tunaoandika tulikuwa ndani, pamoja na diploma yetu ya ualimu.

Namna tulivyopoteza

Ilikuwa Siku ya Posho, nyuma ya mkutano wa sanduku. Dada mmoja wa kundi alifungua simu yake akatuonyesha «kazi» mpya. Unatuma dola 10. Kila siku unafungua simu, unagusa picha kumi, na jioni unakuta nusu ya dola imeongezeka. Yeye alikuwa ameanza juma tatu mbele yetu. Tulienda naye mpaka kwa mwenye kabini, akatoa feza, tukaiona kwa macho yetu.

Tuliingia watu saba. Watatu walitia dola 10 kila mmoja. Wawili walitia 20. Sisi nasi tulitia 20, feza ya mshahara. Wa saba alikuwa mama mmoja anayeuza makala kwa bakuli mbele ya nyumba yake. Juma ile alikuwa amepokea zamu yake ya likirimba, dola 150. Feza ile ilikuwa na jina tayari: kijana wake yuko mwaka wa sita wa sekondari, na ilikuwa ya kumaliza minervali na kulipa feza ya kushiriki kwenye Exetat.

Alitujia pembeni akauliza: «Mama mwalimu, ninyi mliosoma hesabu, mnaonaje?»

Tulimjibu: «Sisi pia tumeingia.»

Hatukupiga hesabu hata moja. Kila asubuhi tunafundisha watoto mara na gawanya, na siku ile tulijibu hivyo tu. Akatia zote 150.

Kwa siku kumi na moja mambo yalikwenda vizuri. Wengi tuliacha ile nyongeza ndani ya simu «izae». Siku ya kumi na mbili, simu ikasema akaunti zimefungwa, na kila mtu anayetaka kufungua yake aongeze dola 30. Wawili kati yetu waliongeza. Siku tatu nyuma yake, hakuna kilichofunguka tena, na namba ya yule waliyeita «mkubwa wa kazi» haikuita tena.

Tuliandika hesabu kwenye daftari: dola 300 ziliingia, dola 14 zilitoka.

Mama wa makala alinyamaza. Hakumwambia bwana yake. Juma tatu nzima alipika, aliuza, alisali, akanyamaza. Halafu masomo yakaanza kurudisha nyumbani watoto wenye deni. Kijana alifika nyumbani saa tatu ya asubuhi, madaftari chini ya kwapa, na baba alikuwapo. Hatutaandika maneno yaliyosemwa ndani ya nyumba ile. Tuseme tu kwamba mama alikuja kwetu usiku, akakaa kwenye kiti, na kwa muda mrefu hakusema kitu.

Swali la prezidenti wetu

Mkutano uliofuata, kila mtu alitafuta wa kumlaumu. Wengine walimlaumu yule dada wa simu. Wengine walisema ni mashetani ya intaneti. Prezidenti wetu, mama mkubwa aliyeacha masomo mwaka wa nne wa primeri, aliacha tuseme mpaka tukachoka. Kisha akauliza polepole: «Ile nusu dola ya kila siku, nani alikuwa anailipa?»

Hakuna aliyejibu.

«Matabishi ya sambaza najua nani anayalipa», alisema. «Matabishi ya sanduku letu najua. Haya yenu, nani alikuwa anayalipa? Kugusa picha kunazaa nini? Kuna muhogo unaota pale?»

Tangu siku ile tumechukua swali hilo kama kipimo. Tumelipitisha juu ya kila njia ya feza ndogo inayotumiwa hapa kwetu. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Likirimba: hakuna anayekulipa

Likirimba tunaijua wote. Wamama 12, kila juma kila mmoja anatoa franka 10 000, na mmoja anaondoka na 120 000. Juma ya kumi na mbili wote wamepata. Ulichotoa ni 120 000, ulichopokea ni 120 000. Hakuna franka moja iliyoongezeka.

Basi faida yake iko wapi? Ni kwamba feza iliyokuwa inatoka nyumbani vipande vipande inarudi nzima. Franka 10 000 inaliwa kwa siku moja bila kuacha alama, lakini 120 000 inaweza kununua mfuko wa makala, mabati, au kulipa masomo. Tena wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenzake bila riba, na wa mwisho amejiwekea akiba. Kwa hiyo ni vizuri zamu zibadilike kila mzunguko. Asiwe mama yuleyule anayeketi mwisho kila mara kwa sababu ni mpole.

Hatari yake ni moja: mtu anapokea mbele, kisha anahama kartiye. Ulinzi wake ni kujuana. Likirimba ya watu ambao hujui milango yao, usiingie.

Karte: wewe ndiye unayelipa

Kuna wenzetu wanaoweka feza kwa karte. Mtu wa karte anapita kila siku sokoni, unampa franka 1 000, anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Visanduku viko 31. Mwisho wa mwezi anakurudishia 30 000, na ile 1 000 moja inabaki kwake.

Hapa nani analipa? Ni wewe. Umelipa franka 1 000 juu ya 31 000, kama tatu kwa mia, ili mtu akutunzie feza yako. Hatusemi ni vibaya. Mama anayerudi nyumbani na feza yote mkononi anajua kwamba kufika asubuhi mzigo huo umepungua: mtoto anaomba kalamu, shemeji anaomba nauli, bwana anaomba kidogo. Kulipa 1 000 ili kulinda 30 000 kunaweza kuwa akili. Lakini tuiite kwa jina lake: ni malipo ya ulinzi, haizai kitu.

Na kabla ya kumpa mtu karte, uliza anafanya kazi kwa nani. Kopeki au shirika la akiba linalofanya kazi kwa haki lina ruhusa ya Benki Kuu ya Congo, na karatasi ya ruhusa hiyo inaweza kuonyeshwa. Ukiuliza na mtu akakasirika, umekwisha kupata jibu.

Sanduku: tunajilipa sisi kwa sisi

Sanduku wengine wanaliita AVEC. Wengine wana MUSO, iliyo ndugu yake, na kasha lake la kijani la mikopo na kasha lake jekundu la misaada. Njia hii ya AVEC ilianzia Niger, upande wa Maradi, mwaka wa 1991, pamoja na wamama wa vijiji na shirika la CARE. Toka pale imezunguka Afrika yote mpaka kwetu. Sheria zake ni chache. Watu kati ya 15 na 25 au 30 wanaojuana. Sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa wamama watatu tofauti. Kila kitu kinafanywa mbele ya wote: feza inahesabiwa kwa sauti, alama inapigwa kwenye kitabu cha kila mmoja. Kila mtu ananunua kati ya hisa moja na tano kila mkutano. Anayekopa hapiti mara tatu ya akiba yake. Na karibu na mwisho wa mwaka, wote wanagawana.

Tuchukue mfano, nanyi mfuate na kalamu. Wamama 20, hisa moja ni franka 2 000, kila mmoja ananunua hisa mbili kwa juma. Hiyo ni 80 000 kwa juma. Kwa juma 40 ni 3 200 000, maana yake hisa 1 600. Katika mwaka ule, feza haikulala. Wamama walikopa na kurudisha, wakilipa riba ya tano kwa mia kila mwezi, na riba zote pamoja zikafika 640 000. Sasa sanduku lina 3 840 000. Gawanya kwa hisa 1 600: kila hisa iliyonunuliwa 2 000 inarudi 2 400. Mama aliyeweka 160 000 anaondoka na 192 000. Matabishi yake ni 32 000.

Nani amelipa zile 640 000? Wamama wenyewe waliokopa. Mama wa sambaza alikopa 100 000, akaongeza beseni, akauza mwezi mzima, akarudisha 105 000. Ile 5 000 imetoka kwenye beseni, na yeye mwenyewe alibaki na faida yake. Hiyo ni matabishi safi, sababu kila mmoja anaona ilikotoka.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwingine alikopa 100 000 kununua kitenge cha harusi. Yeye pia alirudisha 105 000. Beseni hakuwa nalo, basi 5 000 yake imetoka kwenye sahani ya watoto. Matabishi yetu ya mwisho wa mwaka yana kipande cha sahani ile. Ndiyo maana ndani ya kundi letu, tangu mwaka huu, anayeomba mkopo anasema mbele ya wote atafanyia nini na atarudisha kwa feza ya wapi. Hatufanyi hivyo ili kumhukumu. Tunafanya hivyo ili mwenzetu asitulipe matabishi kwa njaa yake.

Ndiyo maana pia sanduku halizai kama hakuna anayekopa. Feza iliyofungwa kwa kufuli tatu mwaka mzima inatoka vilevile ilivyoingia, na wakati mwingine inatoka dhaifu zaidi. Mwaka wa 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka wa 2024 ilikuwa karibu 2 800. Aliyeficha franka chini ya godoro miaka ile yote alipoteza bila mwizi kuingia nyumbani. Na anayekimbilia dola naye aangalie: dola inaweza pia kushuka ghafula, na noti yenye mpasuko mdogo inakataliwa sokoni. Kwa hiyo mzunguko mfupi ni bora, na tarehe ya kugawana iwekwe karibu na haja ya kweli. Sisi tunagawana mwezi wa nane, mbele ya masomo kufunguliwa.

Simu: kampuni inalipa, na ina sababu yake

Ukinunua yunite kwa feza iliyo ndani ya simu yako, mara nyingi kampuni inakuongezea bonisi. Nani analipa? Kampuni. Anafanya kama mama wa sambaza: anataka urudi, na anataka feza yako ikae kwake. Hakuna ubaya. Lakini bonisi ina mwisho wake, wakati mwingine siku moja tu, na haiwezi kununua unga. Kama ulikuwa na haja ya kupiga simu, ichukue na useme asante. Kama ulinunua yunite ya 5 000 ili kupata bonisi, na ulikuwa na haja ya 1 000, umelipa matabishi yako mwenyewe.

Kwenye kutoa feza, hesabu inageuka. Kila mara unapotoa, kuna malipo. Mama anayetumiwa feza na mtoto wake aliye mbali, akaitoa kidogo kidogo mara nne, analipa mara nne. Angalia bei kwenye kabini kabla ya kutoa, utoe mara moja kile unachohitaji kwa juma. Kiasi unachookoa kwa mwezi kinaweza kununua chumvi na sabuni. Hiyo ni matabishi unayojilipa mwenyewe, na hakuna mtu anayeweza kuikufungia.

Na ujumbe unaosema «umeshinda zawadi, tuma namba yako ya siri»? Uliza swali la prezidenti wetu. Nani analipa zawadi kwa mtu ambaye hakucheza mchezo wowote? Hakuna. Namba ya siri ni yako peke yako. Mwenye kabini haihitaji, kampuni haiihitaji.

Kununua pamoja

Njia hii ndogo tumeianza mwaka huu. Wamama watano wananunua mfuko mmoja wa unga na kuugawanya kwa kopo. Hatuwapi bei, kwa sababu inabadilika kila juma. Fanyeni hivi: hesabuni makopo yaliyomo ndani ya mfuko mmoja, mpige mara bei ya kopo sokoni, kisha mlinganishe na bei ya mfuko. Tofauti ndiyo matabishi yenu.

Nani analipa hapa? Muuzaji wa kopo, naye mara nyingi ni mama kama sisi. Tulizungumza jambo hilo. Tumeamua kununua unga pamoja, lakini sombe, lengalenga na nyanya tunaendelea kununua kwa wamama wa barabarani, bila kubishana mpaka faida yao iishe.

Matabishi ya uongo

Sasa turudi kwenye simu yetu na zile picha kumi.

Wazee wetu wanakumbuka jina la Bindo. Kule Kinshasa, karibu na mwaka wa 1990, watu walipeleka feza yao kwa mtu huyo na kwa wengine kama yeye, kwa ahadi kwamba itarudi mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kweli, nao wakawa tangazo lililo hai. Mwaka wa 1991 nyumba yote ikaanguka, na watu wakabaki mikono mitupu. Ulikuwa mwaka uleule ambao wamama wa Maradi walianza sanduku lao lenye kufuli tatu. Hapakuwa na intaneti. Ujanja ni uleule wa zamani, umebadilisha nguo tu.

Hii ndiyo hesabu tuliyopaswa kumfanyia mama wa makala. Dola 10 inatoa nusu dola kila siku. Kwa siku 40 inatoa dola 20. Hakuna beseni, hakuna shamba, hakuna duka. Basi dola 20 hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa watu wawili wapya waliotia 10 kila mmoja. Tulikuwa saba. Ili sisi saba tulipwe, waje 14. Ili hao walipwe, waje 28. Kisha 56, kisha 112. Endeleeni kupiga mara mbili: kwenye hatua ya kumi mmefika watu 7 168. Kwenye hatua ya kumi na saba mmefika 917 504, na haijapita hata miaka miwili. Ni watu wa mji mzima, watoto wachanga wakihesabiwa. Nani atawalipa wale wa mwisho?

Hesabu hiyo ni ya primeri. Tunaifundisha. Siku ile hatukuifanya kwa sababu tuliona feza ikitoka kwa kabini, na macho yalishinda kichwa. Ndiyo sababu tunawaambia: kuona mwenzako amelipwa si ushahidi. Wa kwanza wanalipwa kila mara. Feza ya kuwalipa ni ya kununulia macho yenu.

Alama zake ni hizi. Faida ya kila siku isiyopungua. Haraka: «leo tu, kesho tunafunga». Ukilete mtu unapewa zaidi. Na siku unapotaka kutoa feza yako, unaombwa kutia nyingine kwanza. Ukisikia hilo la mwisho, usitie hata franka moja tena. Dola 60 kati ya zile 300 zetu zilipotea pale.

Tulivyofanya kwa kijana

Mkutano ulichukua masaa mawili. Kulikuwa na wamama waliosema kasha la misaada ni la ugonjwa na kifo, si la watu waliocheza na feza. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Prezidenti akajibu: «Aliyecheza ni mama. Anayefukuzwa ni mtoto.»

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mama wa makala alipata mkopo bila riba, nusu ya feza iliyohitajika, akaanza kurudisha franka 5 000 kila Siku ya Posho. Nusu ya pili, sisi na dada wa simu tuliitafuta. Yeye aliomba mwenyewe kushiriki, hakuna aliyemlazimisha. Sisi tuliombwa maoni na tulijibu bila kufikiri, kwa hiyo tulikuwa na deni, hata kama halikuandikwa kwenye kitabu chochote. Wamama wawili walienda pamoja naye kwa bwana yake. Mzee alikasirika, kisha alisema jambo moja tunaloliweka hapa kwa ajili ya wote: «Feza iliniuma. Zile juma tatu za kunyamaza ziliniuma zaidi.»

Hapo tuongeze neno. Tangu sheria ya familia iliporekebishwa mwezi wa saba wa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kufungua akaunti. Ni haki yako kuwa na kitabu chenye jina lako. Lakini haki ya kuwa na kitabu haituzuii kuzungumza nyumbani, na mambo ya feza yaliyofichwa yana tabia ya kutoka nje siku mbaya.

Kijana alirudi masomoni. Aliandika mitihani yake pamoja na wenzake. Mama yake bado ana juma tisa za kurudisha, na kila Siku ya Posho yeye ndiye wa kwanza kufika, na 5 000 yake imefungwa ndani ya kitambaa.

Kazi ya nyumbani

Sisi walimu hatuwezi kumaliza bila kazi ya nyumbani, mtusamehe.

Juma hii, kwenye mkutano wa kundi lenu, chukueni daftari na mgawe ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza andikeni kila njia ya feza ndogo mnayotumia: likirimba, karte, sanduku, bonisi, na yoyote mpya ambayo mtu ameileta. Upande wa pili andikeni matabishi yake kwa franka, kwa mwezi mmoja. Upande wa tatu andikeni nani anayalipa, na kwa sababu gani.

Kwenye mstari ambapo upande wa tatu unabaki mtupu, msitie feza. Na kama kuna mwenzenu amekwisha kutia, msimcheke. Mwulizeni kama mtoto wake yuko masomoni, na kama amekwisha kumwambia mtu nyumbani.

Sisi tuliweka daftari letu ndani ya sanduku, chini ya kufuli tatu, pamoja na ile hesabu ya 300 na 14. Hatukuifuta.